Ukucha, Jicho na Gamba: Nilivyojifunza Kuzitambua Mofu za Mjusi-Ndevu

Mtu anayetaka kumfuga mjusi-ndevu kwa mara ya kwanza hapa Ujerumani hukutana na majina kabla hajakutana na mnyama. Matangazo ya kuuza hayaishii kusema kwamba huyu ni dume wa miezi mitatu, mzima na mlaji mzuri. Yanataja hipo, transi, ledabeki, Dunner, Witblits, Zero, na mara nyingi majina mawili au matatu hubandikwa juu ya mnyama mmoja, huku bei ikipanda kwa kila jina linaloongezwa. Hayo ndiyo wafugaji wanayoyaita mofu, yaani maumbile ya rangi, michoro au magamba yanayotofautiana na yale ya kawaida, na ambayo yamezalishwa kwa makusudi kizazi baada ya kizazi. Binti yangu alipoomba tumfuge mjusi huyu nyumbani kwetu Dortmund, niliona ni wajibu wangu kuyaelewa majina hayo kwanza, kwa sababu mnyama anayetunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi, na si haki kumleta ndani ya nyumba kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye kibandiko. Msimamo niliofikia ni kwamba jina la mofu ni dai kuhusu urithi wa mnyama, na mnunuzi mgeni anapaswa kulipia dai lile tu ambalo anaweza kulikagua, ama kwa macho na vidole vyake mwenyewe, ama kwa kuwaona wazazi wa mnyama na kumbukumbu zao.

Mjusi-ndevu tunayemzungumzia ni Pogona vitticeps, mkazi wa nyanda kavu za ndani ya Australia, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1926 na Mjerumani Ernst Ahl. Akikomaa hufikia sentimita 45 hadi 60 tangu puani hadi ncha ya mkia, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia wenyewe. Sisi tuliokulia Mwanza tunawafahamu jamaa zake bila kujua kwamba ni jamaa: yule mjusi wa majabalini mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, anayeota jua huku akipandisha na kushusha kifua, ni wa familia hiyo hiyo ya Agamidae. Tofauti ni kwamba yule wa Mwanza yuko huru juu ya mawe yake, ilhali huyu wa Ulaya ametokana na wanyama wachache. Australia ilizuia biashara ya kusafirisha wanyamapori wake nje ya nchi tangu miaka ya 1960, na inaaminika kwamba karibu mijusi-ndevu wote wanaofugwa Ulaya na Marekani ni wajukuu na vitukuu wa wanyama waliotoroshwa baada ya hapo. Nalitaja hili mapema kwa sababu linaeleza mengi ya yanayofuata. Mofu nyingi zilijitokeza vizimbani, kila moja ikianza na mnyama mmoja au wachache, na mara nyingi ilibidi wazalishwe na ndugu zao wa karibu ili sura ile irudi tena. Anayenunua mofu ananunua pamoja nayo damu hiyo ya karibu, ajue au asijue.

Kabla ya kuzisoma mofu, nilijilazimisha kumsoma mjusi wa kawaida, na bado nawashauri wengine waanzie hapo. Mjusi wa kawaida ana rangi ya mchanga, kahawia au kijivu yenye chembe za manjano au chungwa, na mgongoni ana mabaka ya rangi nyepesi yaliyopangika jozi kwa jozi kandokando ya uti wa mgongo. Mkia wake una pete za giza na nuru zinazopishana. Mgongo mzima umejaa magamba yaliyochongoka, yaliyojipanga kwa safu, na ubavuni kuna mstari wa miiba laini unaoonekana kama pindo. Jicho lake lina duara la rangi ya dhahabu au shaba linaloizunguka mboni nyeusi. Kila ukucha una mstari wa kahawia unaopita kwa urefu wake. Mtu akishazoea kuyaona haya yote kwa mnyama mmoja, macho yake huanza yenyewe kugutuka pale kimojawapo kinapokosekana, na huko kugutuka ndiko utambuzi wa mofu unakoanzia.

Mahali ambapo mengi yalinifungukia ni Hamm, mji ulio jirani na kwetu, ambako maonyesho makubwa ya reptilia yaitwayo Terraristika hufanyika mara kadhaa kwa mwaka na kuwavuta wafugaji kutoka pande zote za Ulaya. Wanyama hupangwa mezani ndani ya visanduku vidogo vya plastiki, kila kimoja kikiwa na kibandiko chake cha jina, jinsia na bei. Watu ni wengi, mwanga wa ukumbini si wa jua, na mjusi aliyesafirishwa usiku kucha huwa amepoa. Mazingira hayo ni mabaya kwa kuamua na ni mazuri sana kwa kujifunza, kwa sababu mtu anaweza kuwaona hipo kumi na wa kawaida kumi ndani ya hatua chache. Mfugaji mmoja mzee alituona mimi na binti yangu tumesimama muda mrefu mbele ya meza yake, akamtoa mjusi mmoja na kumweka juu ya karatasi nyeupe.

"Rangi iache kwanza, mama," aliniambia. "Tazama kucha."

Akauinua mguu mmoja wa mbele kwa ncha ya kidole chake, akatuonyesha kucha tano zilizokuwa angavu kama kipande cha plastiki kisichopakwa rangi, kisha akafanya hivyo kwa miguu mingine mitatu. Akamtoa mjusi wa pili, mng'avu na wa chungwa kuliko yule wa kwanza, na kwenye kila ukucha wake tukauona mstari wa kahawia. Huyo wa pili, pamoja na uzuri wake, hakuwa hipo. Hipo ni upungufu wa rangi nyeusi mwilini, na kwa mjusi-ndevu unathibitishwa kwenye kucha kuliko mahali pengine popote, mradi kucha zote ziwe angavu, kwa kuwa mjusi wa kawaida naye anaweza kuzaliwa na ukucha mmoja au miwili isiyo na mstari. Karatasi nyeupe na tochi ndogo vinatosha kabisa kwa kazi hii. Tangu siku hiyo sijamtazama mjusi yeyote nikaanza na mgongo.

Transi hutambulika kwenye jicho. Jicho la kinda wa transi ni jeusi lote, bila ile duara ya dhahabu, hata mtu hudhani mboni imelijaza jicho zima. Ngozi yake nayo hupitisha mwanga zaidi kuliko kawaida, na kwa makinda tumbo huwa na rangi ya samawati au zambarau. Hapa kuna jambo linalohitaji uangalifu: kadiri mnyama anavyokua, samawati ya tumboni hufifia, na baadhi yao huanza kuonyesha duara ya rangi machoni, pengine jicho moja tu. Kwa hiyo mjusi aliyekomaa aliyeuzwa kwa jina la transi huku ana jicho la dhahabu si lazima awe wa uongo, lakini muuzaji anapaswa awe na picha ya utotoni au awaonyeshe wazazi. Hipo na transi ni jeni fiche: kinda huonyesha sura hiyo pale tu anaporithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Mjusi anaweza kuwa na zote mbili kwa pamoja, na hapo mnunuzi hukagua kucha na macho, asikubali kimoja kiwe ushahidi wa kingine.

Kwa upande wa magamba, kidole hufanya kazi kuliko jicho. Ukimpitishia mjusi wa kawaida kidole mgongoni, taratibu, kuelekea mkiani, unahisi safu za miiba. Ledabeki hana miiba hiyo mgongoni. Magamba yake yamesinyaa yakawa madogo na kukaribiana, na mkono unateleza, ingawa pindo la miiba ya ubavuni lipo pale pale. Kwa sababu mgongo hauna vivuli vya miiba, rangi zake huonekana wazi zaidi, na ndiyo maana watu huvutiwa naye. Mofu hii ilianza kufahamika kwa mfugaji wa Italia, na urithi wake ni tofauti na ule wa hipo: nakala moja tu ya jeni, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuleta mgongo laini. Kiafya, ledabeki niliowaona na kuwauliza wamiliki wao habari zao huishi kama mijusi wengine, na sina neno dhidi yao.

Neno nililo nalo ni juu ya nakala mbili. Ledabeki akizalishwa na ledabeki, kwa wastani robo ya makinda huwa wa kawaida, nusu huwa ledabeki, na robo hurithi jeni ile kwa wazazi wote wawili na kuzaliwa bila magamba kabisa. Hao huitwa silkibeki. Nimemtunza mmoja kwa muda, wakati dada mmoja wa Kikenya, jirani yetu, alipokwenda likizo nyumbani. Aliuziwa mnyama yule akiambiwa kwamba ni laini kama hariri na kwamba watoto watafurahi kumshika. Ni kweli alikuwa laini. Ngozi yake ilikuwa na mikunjo kama ya mkono uliokaa muda mrefu majini, na sehemu za kwapa na shingo zilikauka hadi kupasuka, ikabidi zipakwe mafuta aliyoelekeza daktari wa wanyama. Wakati wa kujivua ngozi ndipo taabu ilipozidi. Ngozi ya zamani ilibaki imekaza kwenye vidole kama pete, na kidole kimoja cha nyuma kilikuwa kimekwisha kukatika ncha kabla hajaja kwangu. Nilikuwa nikimloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikivua pete hizo kwa pamba, kidole baada ya kidole, huku yeye akifumba macho. Nyenje hawakuweza kuachwa huru ndani ya kizimba chake, kwa maana walimng'ata, na ngozi isiyo na gamba haina cha kuzuia meno ya mdudu. Hata taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo mjusi-ndevu yeyote anaihitaji ili mwili utengeneze vitamini D na mifupa isilegee, ilibidi isogezwe mbali zaidi kwa tahadhari.

Dada yule alimpenda na kumhudumia kwa moyo wote, nami sina lawama kwake hata kidogo. Lawama yangu ni kwa anayezalisha. Sheria ya Ujerumani ya ulinzi wa wanyama, katika kifungu cha 11b, inakataza kuzalisha wanyama wenye uti wa mgongo pale inapotarajiwa kwamba watoto wao, kwa sababu ya urithi, watakosa viungo au sehemu za mwili zinazohitajika na hivyo kupata maumivu, mateso au madhara, na silkibeki hutajwa mara kwa mara katika mjadala huo. Gamba ni sehemu ya mwili inayohitajika. Linamkinga mjusi na mkwaruzo, na ukavu, na jua, na meno. Tangu nilipomtunza yule mnyama nina swali moja ninalomuuliza kila anayeniuzia au kunionyesha ledabeki, na ninamshauri kila mnunuzi aulize hivyo hivyo: je, wazazi wote wawili ni ledabeki? Mfugaji mwangalifu hujibu mara moja kwamba mmoja ni ledabeki na mwingine ni wa kawaida, kwa kuwa kwa njia hiyo nusu ya makinda huwa ledabeki na hakuna silkibeki hata mmoja. Anayejibu kwamba wote wawili ni ledabeki lazima aulizwe tena ile robo nyingine iko wapi, na asipokuwa na jibu la kueleweka, mimi huondoka.

Dunner, aliyepewa jina kutokana na mfugaji Kevin Dunn, ndiye aliyenichukua muda mrefu kumtambua, na ndiye anayenifurahisha zaidi kumtazama. Jeni yake ni tawala, nakala moja inatosha, na kinachobadilika ni mpangilio. Yale mabaka ya jozi mgongoni hutawanyika yakawa madoa, pete za mkiani huvurugika, na magamba ya mgongo huelekea kila upande badala ya kujipanga kwa safu. Alama ya uhakika iko chini. Ukimgeuza kidogo mjusi wa kawaida ukamulika kifua chake kwa mwanga wa pembeni, utaona magamba yote yakielekea mkiani kwa utaratibu. Kwa Dunner magamba ya kifuani na tumboni huelekea ubavuni, mengine yakijizungusha, na kidole kikipita juu yake huhisi mkwaruzo usio na mwelekeo mmoja. Wapo wauzaji wanaomwita Dunner mjusi yeyote mwenye madoadoa. Kifua kikionyesha magamba yaliyonyooka kuelekea nyuma, jina hilo linaondolewa pale pale, na bei nayo iondolewe.

Kisha kuna wale wasio na michoro kabisa. Witblits ilizalishwa kwanza Afrika Kusini na kupewa jina la Kiafrikaans. Zero ilijitokeza kwingineko. Zote ni jeni fiche. Mijusi waliokomaa hutofautishwa bila shida kubwa, kwa sababu Witblits hubaki na rangi tulivu ya udongo au krimu, ilhali Zero huwa wa kijivu cha fedha hadi weupe, na aghalabu huwa na kivuli cha giza mabegani. Aliyezichanganya zote mbili huitwa Wero. Kwa makinda, hata hivyo, ni vigumu mno, kwa kuwa wote huwa na kijivu kile kile chepesi, na hapa ndipo macho ya mnunuzi yanapofika mwisho wake. Ninapoonyeshwa kinda asiye na michoro, sitazami tena kinda. Naomba kuwaona wazazi na daftari la uzao. Bei za wanyama hawa ni mara kadhaa ya bei ya mjusi wa kawaida, na pesa hiyo isilipwe kwa neno la mdomo.

Hilo linanileta kwenye heti, neno ambalo wageni wengi huliona kwenye kibandiko na kudhani ni jina la rangi. Heti ni mjusi aliyebeba nakala moja ya jeni fiche bila kuionyesha. Kwa sura ni wa kawaida kabisa. Hakuna ukucha, jicho wala gamba litakalokuambia kitu. Kama mzazi mmoja ni Zero halisi na mwingine hana jeni hiyo, makinda wote ni heti kwa uhakika. Wazazi wote wawili wakiwa heti, kwa wastani robo ya makinda watakuwa Zero wa kuonekana, na miongoni mwa wale wa kawaida waliosalia, wawili kati ya kila watatu watakuwa wamebeba jeni, lakini hakuna anayeweza kusema ni yupi na yupi. Ndiyo maana kibandiko huandikwa heti asilimia 66. Mzazi mmoja akiwa heti na mwingine hana kitu, asilimia hiyo hushuka hadi 50. Asilimia hizi si kiasi cha damu ya Zero ndani ya mnyama, kama nilivyosikia ikielezwa mezani kwa mtu mmoja. Ni uwezekano kwamba anayo nakala au hana. Kwa mtu asiyekusudia kuzalisha, heti haina faida yoyote ya kuonekana, na haina sababu ya kuongeza hata yuro moja kwenye bei.

Rangi zenyewe, yaani nyekundu, chungwa, manjano ya limau na majina mazuri mazuri yanayotungwa na kila mfugaji kwa ajili ya uzao wake, haziendeshwi na jeni moja. Zimejengwa kwa kuchagua wazazi wenye rangi kali kizazi kwa kizazi, na makinda wa uzao mmoja hutofautiana sana. Tena mjusi-ndevu hubadilisha rangi kwa siku moja. Akiwa na baridi mgongo hukoza ili kunyonya joto, akishapata joto huchangamka na kung'aa, akiogopa au kukasirika ndevu huwa nyeusi na tumbo hutokeza michirizi. Picha ya tangazo hupigwa mnyama akiwa kwenye joto lake zuri kabisa, chini ya taa ya rangi ya machungwa. Sisi tulizoea kuomba mjusi asogezwe dirishani, kwenye mwanga wa mchana, baada ya kukaa chini ya taa yake kwa muda wa kutosha. Na kinda, hata akitazamwa dirishani, bado si ahadi, kwa sababu rangi huendelea kugeuka kwa karibu mwaka mzima; nimeona wekundu wa utotoni ukageuka kuwa mchanga, na nimeona wa kijivu akapendeza baadaye. Kuhusu yule anayeuzwa kwa jina la jitu la Kijerumani, ninasema kwa ufupi: hakuna alama ya mwili inayomtambulisha, ukubwa hutegemea pia chakula na joto, na bila kuwaona wazazi wakipimwa urefu na uzito, ni jina tu.

Tulipofika hatua ya kumchagua wetu, binti yangu alikuwa ameandika vipaumbele vyake kwenye karatasi, na rangi ikiwa ya kwanza. Nikamwomba aihamishie mwisho. "Lakini mama, si ndiyo tutakayoitazama kila siku?" aliniuliza, na lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba tutakachokitazama kila siku ni mnyama anayekula, anayekimbia na anayepanda jiwe lake kuota joto, na kwamba mjusi mgonjwa wa rangi nzuri hufifia kabla ya wote. Kwa hiyo tukaanza na afya: macho yaliyofunguka na kufuatilia mwendo wa kidole, shina la mkia lililojaa lisiloonyesha mfupa, taya imara, tundu la haja safi, vidole vyote vikiwepo na ncha ya mkia ikiwa nzima, kwa sababu makinda waliorundikwa pamoja hung'atana. Tuliuliza kama uzao ule umepimwa adenovirusi, ugonjwa ulioenea sana kwa mijusi-ndevu wa kufugwa na usio na dawa ya kuuondoa, na kama kinyesi kimechunguzwa vimelea. Wauzaji wawili walikerwa na maswali hayo. Wa tatu alitoa karatasi za maabara kabla sijamaliza kuuliza, na kwake ndipo tulipobaki.

Hatukuchukua kinda. Mfugaji huyo alikuwa na jike wa karibu mwaka mmoja aliyekuwa amembakiza kwa ajili ya kuzalisha na kisha akabadilisha mpango, naye rangi yake ilikuwa imekwisha kutulia: mchanga mwepesi mgongoni, chungwa hafifu kichwani na kwenye mabega, michoro ya jozi ikionekana kwa mbali. Kibandiko kilisema hipo, heti asilimia 66 Zero. Binti yangu alimweka juu ya karatasi nyeupe tuliyokuja nayo, akazitazama kucha za miguu yote minne kwa tochi, akaridhika. Hipo tuliilipia. Zile asilimia 66 nilimweleza mfugaji waziwazi kwamba hatutazilipia, naye hakubisha, kwa kuwa alijua kama ninavyojua kwamba haziwezi kuonyeshwa. Tukamwita Malaika, na sasa anaishi sebuleni kwenye kizimba cha sentimita 120 kwa 60, chenye jiwe linalofika nyuzi 40 upande mmoja na kivuli cha nyuzi 25 upande wa pili. Hipo yake haijabadilisha lolote katika matunzo: taa ni ile ile, mboga ni zile zile, panzi ni wale wale ambao mjusi wa kawaida angehitaji.

Watu huniuliza kama tutamtafutia dume ili tujue ile Zero ipo au haipo. Jibu ni hapana. Jike mmoja hutaga zaidi ya mayai kumi kwa mkupuo mmoja, mara kadhaa kwa msimu, na vituo vinavyopokea reptilia walioachwa, kama kile kikubwa cha München, vina mijusi-ndevu wasiopungua kamwe. Hapo ndipo ningemwelekeza leo mtu anayeanza, hasa yule anayezipenda mofu. Mijusi walioko vituoni wamekwisha kukomaa: mgongo wa ledabeki unaonekana na kuguswa, kifua cha Dunner kinamulikwa, kucha zinasomwa, rangi imefika mwisho wake, na daktari wa kituo ameshamchunguza mnyama. Kibandiko mara nyingi hakipo, kwa kuwa aliyemwacha hakuacha maelezo, na asiye na kibandiko hutambuliwa kwa tochi ile ile na karatasi ile ile. Mwezi ujao tunakwenda na dada yule wa Kikenya, ambaye silkibeki wake alikufa mwaka jana, kumtafutia mwingine huko, na ameniambia kwamba safari hii anataka mwenye magamba.